Kabla ya Kubadilisha Kimoja, Tuulize na Vingine



Siku hizi si ajabu kukuta madrasa au shule ina vifaa vitatu vinne vya kurusha Wi-Fi. Kimoja kimenunuliwa juzi, kingine kimeletwa na mfadhili, cha tatu ni cha zamani lakini taa yake bado inawaka. Kwa macho vyote ni sawa. Sisi tunasema si sawa hata kidogo, na anayevinunua kama anavyonunua balbu atakuja kulipa mara mbili.

Kila kifaa cha aina hiyo ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna programu, na programu hiyo ina toleo lake. Penye vifaa vingi, aghalabu huwepo kimoja kikuu kinachoviongoza vingine. Kidogo kikiwashwa hujitambulisha kwa kikuu, na matoleo yakitofautiana hupakua programu inayolingana na ya mkubwa wake, kisha hujizima na kuwaka upya. Hapo ndipo penye mtego. Kikuu kikisasishwa hadi toleo ambalo mtengenezaji hakuliandalia programu ya vile vidogo vya zamani, vidogo hivyo havipokelewi tena. Havikuharibika, taa zinawaka, ila mtandao hakuna; na fundi anahangaika kubadilisha nyaya zisizo na kosa lolote.

Hata tarehe huweza kuleta balaa. Tarehe 4 Desemba 2022, cheti cha kidijitali kilichotumika kuhakiki programu za baadhi ya vifaa vya zamani vya Cisco kiliisha muda wake. Vilivyokuwa tayari na toleo sahihi viliendelea na kazi. Vilivyohitaji kupakua toleo jingine baada ya siku hiyo vilikwama. Njia mojawapo ya kuvikwamua ilikuwa kurudisha nyuma saa ya kifaa kikuu, ili siku hiyo ionekane haijafika!

Kwa habari kama hizi, wako wanaosema kinachofanya kazi kisiguswe. Hatukubaliani nao. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha kuwa kufuli la kwanza la Wi-Fi, liitwalo WEP, linavunjika. Yakaja WPA mwaka 2003 na WPA2 mwaka 2004. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, akatangaza udhaifu ndani ya WPA2 yenyewe, ulioitwa KRACK. Kubadilisha neno la siri hakukuwa dawa. Dawa ilikuwa kusasisha programu za simu, kompyuta na vifaa vya kurushia. Kifaa ambacho mtengenezaji wake alishakiacha kilibaki na ufa wake.

Kwa hiyo tunapinga vikali desturi ya kushusha kufuli la mtandao mzima kwa ajili ya printa moja kuukuu isiyojua WPA2. Printa hiyo iunganishwe kwa waya, au ipumzishwe. Katika mtandao huohuo hupita majina ya watoto, namba za simu za wazazi na hesabu za ada, na hizo ni amana. Kuhusu WPA3, iliyotoka mwaka 2018, upo mpango wa kuichanganya na WPA2 ili simu za zamani zisifungiwe nje. Huo tunaukubali kwa muda wa mpito.

Ombi letu kwa kamati ni daftari tu. Liandikwe jina na modeli ya kila kifaa, toleo la programu yake, na mwaka kilipoingia. Kabla ya kununua, na hata kabla ya kupokea msaada, muuzaji au mfadhili aulizwe: kifaa hiki kitaelewana na toleo la kikuu chetu? Mtengenezaji ataendelea kukitolea programu hadi mwaka gani? Mfadhili hataudhika kwa kuulizwa. Atakayeudhika ni yule anayetaka kutupa takataka zake kwetu.

Kusasisha nako kufanywe wakati wa likizo. Mipangilio ihifadhiwe kwanza, maelezo ya toleo jipya yasomwe, kwa kuwa vipo vifaa ambavyo vikishapanda havikubali kurudi toleo la nyuma. Ikiwezekana kijaribiwe kimoja, kitazamwe siku kadhaa, ndipo vifuate vingine. Daftari lenyewe wapewe wanafunzi wakubwa wanaopenda kompyuta, wawili wawili kila muhula, na mwalimu alikague.