Haba na Haba, Hata katika Filamu

Ati filamu za mtaa wa Wakaliga, Kampala, ni za kuchekwa tu! Ndivyo wasemavyo baadhi ya wenzetu, kwa kuwa bunduki zilizomo ni za vyuma chakavu na fedha zilizotumika ni chache. Sisi twakataa. Mwaka 2015 Isaac Nabwana aliwaomba watazamaji dola 160. Wakamchangia zaidi ya 13,000. Mtu hafungui mkoba kwa ajili ya kitu akidharaucho. Kilichowavuta, twaamini, ni pamoja na yule msimulizi aitiaye picha utani kwa sauti yake.

Sasa tazameni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, filamu njema ya kisayansi kutoka Kenya: jina ni la Kiswahili, mazungumzo ni ya Kiingereza. Basi Mbajuni wa Koyama, Chovai au Kismayo, ambaye vita vya 1991 vilimtawanyia jamaa zake, ataisikia wapi lugha yake ikinena habari za kesho?

Walimu, tusingoje fedha nyingi. Tuwakusanye wanafunzi, tuisimulie picha kwa Kibajuni, wazee watusahihishe. Haba na haba hujaza kibaba. Dharau haijazi kitu.