Tuwape Wajawazito Kinga Kabla, Si Dawa Baada

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuona ukuta huo nyumbani kwetu, ndiyo maana naandika kwa hasira.

Dada yangu mkubwa ameolewa na mvuvi katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Mumewe hukaa visiwani wiki tatu, hurudi siku nne, kisha huondoka tena. Mimba ilipofika miezi mitatu dada alikwenda kliniki, akapimwa VVU, akakutwa hana. Alikuwa amesikia redioni habari za PrEP, vidonge vya kumkinga asiyeambukizwa, akaviulizia. Muuguzi akamuuliza mbele ya wenzake: "Kwani wewe unauza mwili?" Dada alichukua kadi yake, akaenda zake. Alipopimwa tena katika mwezi wa nane, majibu yalikuwa mengine. Ameniruhusu niyaandike haya.

Siku hiyohiyo alianzishiwa ARV. Miongoni mwa dawa hizo imo tenofovir, ambayo imo pia katika vidonge vile alivyonyimwa.

Wapo watakaosema kwamba dawa hizi zitamdhuru mtoto. Uganda ilianza mwaka 2012 kuwapa ARV wajawazito wote wenye VVU, tenofovir ikiwemo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba PrEP inaweza kutumika wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Kama dawa inafaa kwa mimba ya aliyeambukizwa, inageukaje sumu kwa mimba ya asiyeambukizwa?

Wengine watasema mke wa mtu hana haja ya kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wapenzi wa Kiafrika ambao mmoja wao ana VVU ulionyesha kwamba, katika kila tendo la ndoa, hatari ya mwanamke kuambukizwa hukaribia mara tatu mimba inapokuwa kubwa, na mara nne baada ya kujifungua. Tena, mama anayeambukizwa wakati huo huwa na virusi vingi mwilini, na mtoto huwa hatarini zaidi. Cheti cha ndoa hakizuii virusi.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, hapa sisi wa lugha tuna lawama yetu. Tunatafsiri "watu walio katika hatari kubwa" tukidhani tumemaliza kazi. Maneno hayo yakifika kliniki husikika kama "malaya", na hakuna mama atakayeinua mkono kuitikia jina hilo. Swali moja baya lilimfungia dada yangu mlango.

Napendekeza kila mjamzito anayekutwa hana VVU aambiwe faraghani, bila kuulizwa mwenendo wake: "Mama, tuna vidonge vya kukukinga wewe na mtoto. Ungependa nikueleze?" Atakayekataa akatae akiwa anajua. Asilazimishwe mtu, lakini pia asiungamishwe mtu ndipo akingwe.

Mtoto wa dada amezaliwa salama, namshukuru Mungu. Lakini mama yake atameza dawa kila siku, maisha yake yote, kwa sababu alinyimwa vidonge ambavyo angevimeza kwa muda tu.