Kifafa: Dua Isiwe Sababu ya Kutupa Dawa

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Mola wetu ametutaka tuzizingatie nafsi zetu, kwani ndani yake mna ishara. Mojawapo ni umeme wa mishipa ya fahamu. Seli ya fahamu inapotulia, ndani yake huwa na chaji hasi, tofauti ya takriban milivolti 70 na nje. Utando wake una milango midogo mno ya protini. Seli ikichochewa vya kutosha, milango ya sodiamu hufunguka, ioni za sodiamu humiminika ndani, na chaji hugeuka kuwa chanya. Mara milango hiyo hujifunga, ile ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na utulivu hurejea. Yote hayo huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde! Mwaka 1952, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walieleza kanuni zake kwa kuchunguza mshipa mnene wa fahamu wa ngisi.

Mizani hiyo ikivurugika, seli nyingi za ubongo hufyatua umeme kwa pamoja kupita kiasi, na mtu huweza kuanguka na kutetemeka. Hicho ndicho kifafa. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika milango yenyewe ya sodiamu. Dawa kama fenitoini na kabamazepini huizuia milango hiyo isifunguke mfululizo.

Inasikitisha, basi, mgonjwa anapoambiwa kuwa ana jini tu, akanyweshwa kombe na vidonge vyake vikatupwa. Kukatiza dawa ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma, hata mauti. Wengine humwacha aungue motoni kwa kuogopa povu lake, ilhali kifafa hakiambukizi.

Hatupingi kisomo wala dua. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (s.a.w.). Alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo, au aombewe afya. Alichagua subira, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka, naye akamwombea. Hakumtenga wala kumdhalilisha. Na ni Mtume huyo huyo aliyetuhimiza kujitibu, akatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kwa mzazi, mtoto ni amana. Tumpeleke hospitali, tumpe dawa kwa wakati, na mikono yetu ibaki imeinuliwa kwa dua. Aliyeiumba milango ile ndiye aliyewafunulia waja Wake elimu ya kuituliza.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.