Kioo cha Pili

Nina ugomvi na watu wa madirisha. Sisemi mafundi, fundi mwema wa madirisha namheshimu kama ninavyomheshimu mkunga. Nasema wachuuzi wanaopita mlango kwa mlango hapa London, tai shingoni na kitabu cha picha kwapani, wakimwambia kila mwenye nyumba kuukuu kwamba madirisha yake yamekwisha kufa na hayana budi kung'olewa. Ugomvi wangu wa pili ni na wenye nyumba za kupangisha, wanaoziba kila tundu na kisha kumlaumu mpangaji kwa kuwa anapumua. Na wa tatu, msomaji, ni na sisi wenyewe, Waswahili tulioko huku, tunaoamini kwamba kipya kikikaa mahali pa kikuukuu basi mambo yamenyooka.

Kwa anayesoma haya akiwa Tanga au Mombasa, nieleze kwanza jambo lenyewe. Nyumba nyingi za matofali za London zilijengwa zama za Malkia Victoria, na madirisha yake hayana bawaba. Yana vipande viwili vya mbao na kioo, kimoja juu na kimoja chini, vinavyopanda na kushuka. Ndani ya fremu, mahali usipopaona, mna kamba, kapi ndogo na vipande vizito vya chuma au risasi. Ukiinua dirisha, uzani unashuka. Ndiyo maana hata mtoto aweza kulipandisha kwa mkono mmoja. Aliyepata kuona tanga la jahazi likitwekwa ataielewa kazi hiyo bila kufundishwa. Ila kioo chake ni kimoja tu, chembamba, kama milimita 3, na mbao zikishazeeka huacha mianya. Upepo wa Januari hupenya, na mlio wa basi nao hupenya.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kung'oa dirisha zima na kuweka jipya, aghalabu la plastiki, lenye vioo viwili vilivyogandamizwa pamoja kiwandani. Ya pili ni kuliacha dirisha la zamani mahali pake, kulitengeneza, kisha kufunga kioo kingine upande wa chumbani, chenye fremu yake nyembamba inayofunguka. Hicho ndicho ninachokiita kioo cha pili, na hicho ndicho ninachokitetea.

Mchuuzi aliyekuja kwangu alikaa saa mbili na robo. Alianza na bei ya kutisha. Akaipunguza. Akapiga simu kwa mtu aliyemwita meneja, akaipunguza tena, kisha akasema bei hiyo itakufa usiku uleule saa sita. Hata samaki wa Feri pale Dar es Salaam, ambaye kweli anaoza, hauzwi kwa haraka namna hiyo! Nilimuuliza habari za kioo cha pili. Akacheka, akasema hicho ni kiraka. Nikamnywesha chai, nikamsindikiza.

Haya, tukitazame hicho kiraka. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian kilipima, kwa ajili ya Historic Scotland, dirisha la zamani la kioo kimoja la aina hii ninayoieleza. Pazia zito lilipunguza joto linalopotea kwa asilimia 14. Milango ya mbao ya ndani ya dirisha, ile ya kufunga usiku, ilipunguza kwa asilimia 51. Kioo cha pili kilipunguza kwa asilimia 63. Hayo ni kwa dirisha lilelile ambalo mchuuzi ameliandikia cheti cha kifo. Mbona hayasemwi mlangoni? Hayasemwi kwa sababu mwenye kuuza plastiki hana faida katika pazia lako.

Tena dirisha la zamani lina sifa moja ambayo jipya halina: linatengenezeka. Mbao zake nyingi ni za misonobari iliyokua polepole katika nchi za baridi, ngumu kuliko mbao nyingi za leo. Kona ikioza, seremala huikata akaunga kipande. Kamba ikikatika, hufungwa nyingine. Lakini vile vioo viwili vya kiwandani, siku mpira wake ukichoka, mvuke huingia katikati, na hakuna kitambaa kitakachofika huko kuufuta. Unanunua kioo kingine. Waingereza walitozwa kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851, wengine wakaona heri kuyaziba kwa matofali, na hadi leo utayaona yale macho yaliyofumbwa kwenye kuta. Mimi naona kodi ile haikufa. Imehamia kwa mchuuzi.

Sasa anayetaka kuchagua, ajiulize kwanza anaumwa nini. Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa maana baridi na kelele ni maradhi mawili, na dawa zake hazifanani. Kama tatizo ni baridi, nafasi ya kama milimita 20 baina ya kioo cha zamani na cha pili yatosha; ukiizidisha sana hupati joto zaidi, kwa kuwa hewa iliyomo huanza kuzunguka na kulibeba joto hilo hadi kwenye kioo cha nje. Waweza pia kutaka kioo kilichopakwa utando wa metali usioonekana kwa macho, unaolirudisha joto chumbani. Kama tatizo ni kelele, milimita 20 hazikufai. Unataka 100 kwa uchache, na 150 au 200 kama kina cha dirisha kinaruhusu. Unataka pia kioo cha pili kiwe na unene tofauti na cha kwanza, kwani kila kioo kina sauti yake kinayoitikia, na viwili vilivyo sawa huitikia pamoja kama wanakwaya.

Mimi nilitaka kulala. Barabara yetu hupita mabasi usiku kucha, na ving'ora vya magari ya wagonjwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba, na mtaani kwetu ushauri huo ni kichekesho. Nikaweka kioo cha tabaka, yaani vipande viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, umbali wa milimita 130 kutoka kile cha zamani. Nafasi hiyo dirisha la kiwandani haliwezi kuwa nayo, maana vioo vyake vimebanana. Mabasi bado nayasikia, lakini ni kama yanapita mtaa wa tatu.

Na neno moja juu ya moto. Kioo cha pili cha chumba cha kulala lazima kifunguke, kwa urahisi, gizani, bila ya ufunguo uliofichwa kabatini. Fundi akikwambia atakipigilia moja kwa moja ili kupunguza gharama, mwambie aende zake.

Nifike sasa kwenye lililonikasirisha hata nikashika kalamu. Kuna Bi Mkubwa mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anayekaa ghorofa ya nne katika jengo la kupangisha si mbali na kwangu. Madirisha yake ya zamani yaling'olewa yote, yakawekwa ya plastiki yasiyo na hata tundu moja la hewa. Majira ya baridi yaliyofuata kuvu nyeusi ikaota ukutani, kando ya kitanda cha mjukuu wake, na mtoto akaanza kukohoa. Ofisa akaja, akatazama, akaandika kwamba familia inapika sana na kuanika nguo ndani.

"Mwanangu," Bi Mkubwa akaniuliza, "wali wa nazi umekuwa mbolea ya kuvu? Mbona kwetu tumepika miaka yote, na ukuta haukuota manyoya?"

"Kwetu, Bi Mkubwa, upepo hauombi ruhusa ya kupita," nikamjibu.

Mambo yenyewe si ya uchawi. Watu wakikaa ndani hutoa mvuke: kwa kupumua, kupika, kuoga. Zamani mvuke ule ulitoka kwenye mianya, na uliobaki uligeuka jasho kwenye kioo, ukafutwa asubuhi. Ziba mianya yote bila kuweka njia nyingine ya hewa, na jasho litatafuta mahali pengine penye baridi, yaani pembe ya ukuta nyuma ya kitanda. Aliyeziba ndiye aliyeotesha.

Tena hatuzungumzii rangi ya ukuta tu. Mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, mwana wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale. Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilithibitisha kwamba aliuawa na maradhi ya kifua yaliyotokana na kuvu ya nyumbani mwao. Baba yake alikuwa amelalamika mara kwa mara. Wenye nyumba walikiri baadaye kwamba walikuwa wameifikiria familia kwa dhana tu kuhusu mtindo wao wa maisha. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, yaani 2021, Mchunguzi wa Malalamiko ya Makazi wa England alikwisha kutoa ripoti nzima akiwataka wenye nyumba waache kisingizio hicho hicho. Sheria yenye jina la mtoto huyo ikapitishwa 2023. Sheria imekuja, kisingizio bado nakisikia ngazini.

Haki isemwe: hata kioo cha pili chaweza kuleta jasho kikifungwa ovyo. Kanuni yake ni kwamba kile cha ndani ndicho kizibwe barabara, na dirisha la nje liachwe livute pumzi kidogo. Ukifanya kinyume, mvuke wa chumbani utanaswa katikati. Na jikoni pawe na feni inayotoa hewa nje, si ile inayozungusha harufu chumbani. Kwa madirisha mapya pia, tangu Juni 2022 kanuni za ujenzi za England zinataka hewa ifikiriwe wakati wa kuyabadilisha, na mara nyingi hilo maana yake ni matundu ya hewa kwenye fremu. Basi msiniambie hayajulikani.

Najua watakaosema kioo cha pili kinaudhi: mna nyuso nne za kufuta badala ya mbili, na buibui hupenda kukaa katikati. Kweli. Watasema ni ghali. Kilicho kizuri ni ghali, lakini iko karatasi ngumu ya plastiki angavu inayoshikwa kwa sumaku, ambayo mpangaji huitoa kiangazi na kuhama nayo. Haizuii kelele sana. Baridi inazuia. Hiyo nayo, chumba ambacho njia yake pekee ya kutokea ni dirisha, iwe ya kubanduka kwa mkono mara moja.

Na ndugu zetu waliojenga Dar es Salaam wanaponiandikia kwa fahari kwamba wametia madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, nawauliza yanafunguka kiasi gani. Nusu. Dirisha la mbao la Mji Mkongwe hufunguka lote.

Mwezi ujao wenye jengo la Bi Mkubwa wanaita mkutano, kwani wanataka kung'oa madirisha ya upande uliobaki. Wapangaji tumewaandikia barua: watengeneze nyumba moja kwa kioo cha pili, nyingine kwa plastiki yao, na zote mbili zipimwe unyevu majira mazima ya baridi kabla ya kuagiza chochote. Nimeombwa nikatafsiri. Bi Mkubwa amesema atakuja na sufuria yake ya wali, aifunue mezani mbele ya ofisa, wahesabu pamoja mvuke wake.