Sukari Itoke Sufuriani Kwanza

Mfungo mosi umeingia na kadi za harusi zimeanza kugongana. Wiki moja mtu aweza kualikwa mara tatu: posa huku, walima kule, na katikati hitima ya mzee wa mtaa. Kote utakakokaa utaletewa chai ya maziwa iliyokwisha tiwa sukari, kipande cha halua, na baada ya sinia ya pilau, soda baridi. Na karibu kila mkeka utakaokaa una mtu mmoja, pengine wawili, walioambiwa na daktari waache sukari.

"Acha sukari." Ni maneno mawili tu, na mgonjwa huambiwa akiwa amesimama mlangoni, faili mkononi, foleni nyuma yake ikisukumana. Kisha anarudi nyumbani ambako hakuna kinachopikwa bila sukari isipokuwa mchuzi. Akishindwa, tunasema hana subira. Mimi naona kosa liko mahali pengine. Tumeifanya kazi ya kuacha sukari kuwa ya mgonjwa peke yake, ilhali sukari yenyewe iko mikononi mwa wenyeji wake, yaani sisi.

Chukua chai. Huku kwetu chai haiungwi kikombeni. Hupikwa sufuriani pamoja na maziwa, iliki, tangawizi na sukari, kisha hutiwa ndani ya chupa. Ikifika mbele yako hakuna cha kuchagua. Mgonjwa ana njia mbili: anywe, au akatae na aulizwe mbele ya watu kulikoni. Mama wa watu aliyekwenda ukweni kwa mara ya kwanza hawezi kukirudisha kikombe. Mzee aliyekuja kutoa mkono wa tanzia naye hawezi kuanza kueleza habari za vipimo vyake. Kwa hivyo wanakunywa, na kesho yake wako nyumba nyengine.

Tuhesabu kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, au 25 kwa kile kiwango bora. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4. Sasa mtu wetu anakunywa chai alfajiri, saa nne, alasiri na baada ya Isha, kila kikombe vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48. Ameshafika ukingoni na hajagusa mahamri, wala kaimati za shira, wala soda ya mililita 300 ambayo peke yake ina karibu gramu 30. Na vijiko vyetu, tuseme kweli, havisawazishwi.

Kuna wanaojibu kwamba wao walishaacha sukari zamani, wanatumia asali au sukari guru. Mwongozo uleule unaihesabu asali pamoja na sukari, na juisi iliyokamuliwa pia imo. Asali ina heshima yake katika dini yetu na sina la kuipunguzia. Lakini vijiko vitatu vya asali ndani ya chai mara nne kwa siku si dawa, ni kifungua kinywa kwa jina jengine. Tende angalau ina nyuzinyuzi zake, na Sunna ni chache, si sahani nzima.

Haki nyengine ya kusemwa ni kwamba sukari pekee haileti ugonjwa wa sukari. Uzito, kukaa kutwa bila kutembea, nasaba, na mlima wa wali mweupe na chapati vyote vimo. Watoto wenye aina ya kwanza, ile inayohitaji insulini tangu mwanzo, hawakuipata kwa peremende. Tena anayetumia insulini au vidonge asibadilishe chakula chake kwa kusoma makala. Azungumze na anayemtibu, maana sukari ikishuka ghafla mwilini huua upesi kuliko ikipanda, na wakati huo kijiko cha sukari ndicho kitakachomwokoa.

Ila kwa aina ya pili, ambayo ndiyo imejaa mitaani mwetu, vinywaji vitamu ni mlango mpana. Sukari ya kunywa haishibishi. Huingia upesi na kumpa mtu uzito bila yeye kuhesabu kuwa amekula. Na ugonjwa wenyewe huja kimya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Mtu hugundua akiwa na kidonda cha mguu kisichopona, au macho yameingia ukungu, au figo zimechoka.

Hapo kwenye figo ndipo mambo yanapotoka jikoni yakaingia kwenye siasa. Tangu Oktoba 2024 tumehamia SHA, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Miongoni mwa yanayolipiwa ni kusafisha damu kwa wenye figo zilizofeli, zaidi ya shilingi 10,000 kwa kikao kimoja. Mgonjwa huhitaji vikao viwili au vitatu kwa wiki. Hata kwa viwili tu, mtu mmoja anapita shilingi milioni moja kwa mwaka, na hapo hujahesabu nauli ya matatu, wala siku za kazi za mwanawe anayemsindikiza. Sipingi fedha hizo kulipwa, kila shilingi ni halali yao. Ninachouliza ni kwa nini serikali iko tayari kulipa milioni mwishoni, na haina la kusema huku mwanzoni.

Si kwamba Pwani hatujui kupaza sauti. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, na masheikh wakasimama nao. Rais akasema amri hizo hazina nguvu, na mahakama kule Embu ikazisimamisha. Lakini angalau jambo lilizungumzwa. Sukari haijapata hata khutba moja kali. (Na muulize yeyote anayetafuna muguka anateremshia nini. Soda.)

Kwenye siasa za Kenya, sukari huzungumzwa kama bei na kama mkulima. Mwaka 2023 kilo ilipopita shilingi 200 nchi nzima ililia. Sheria ya Sukari ya 2024 ikarudisha tozo ya asilimia 4, na fedha zake zimepangiwa miwa, utafiti, viwanda na barabara za mashambani. Mkulima ana haki yake, na hata sisi tuna miwa Ramisi, kule Kwale, na watu wanaokula kwa jasho la mashamba hayo. Lakini katika hesabu hiyo yote, anayeugua hakutajwa.

Tazama pia ushuru wa bidhaa. Kwa miaka kadhaa sasa soda na maji ya chupa vimewekwa kapu moja, vikitozwa kwa lita. Yaani mbele ya mkusanya ushuru, lita ya maji na lita ya soda ni ndugu. Jamaa zetu walioko Ghuba wanajua mambo yanavyoweza kuwa. Saudia na Imarati ziliweka ushuru wa asilimia 50 kwa soda mwaka 2017, na Oman ikafuata 2019. Hizo ni nchi za halua na tende, si nchi za watu wasiojua utamu. Uingereza tangu 2018 inatoza kwa kiasi cha sukari kilichomo ndani ya chupa, na kampuni nyingi ziliipunguza sukari zenyewe ili zikwepe kodi. Njia hii ya pili naiona bora kwetu, kwa sababu inamgusa mtengenezaji kabla haijamfikia mnywaji.

Najua jibu litakuja: maskini ataumia, soda ndiyo starehe yake ya pekee. Hoja ina uzito, kwani maisha yamekaza. Basi maji yashushwe ushuru siku ileile soda inapopandishiwa, na mapato yapelekwe zahanati zikanunue vibanzi vya kupimia sukari, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyokosekana.

Wakati tukisubiri Nairobi, kuna lisilohitaji Bunge. Sukari itoke sufuriani. Chai ipikwe bila sukari na bakuli liwekwe mezani, kila mtu ajipimie. Basi. Mgonjwa hahitaji kujieleza, na anayetaka vijiko vinne hakunyimwa. Nimehudhuria hitima moja karibuni, waliweka chupa mbili, moja imefungwa uzi mwekundu shingoni. Hakuna aliyetangaza kitu. Watu wakaelewa, na chupa ya uzi ikajazwa mara ya pili kabla ya wageni kuinuka. Mpishi aliniambia kilo za sukari alizonunua zilipungua, na mwenye shughuli hakulalamika.

Wala utamaduni haupotei. Kabla ya makreti ya soda kuingia kwenye harusi zetu, kinywaji cha heshima cha kibarazani kilikuwa kahawa tungu, na mpaka leo ndicho. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, mkaa chini, vikombe vikigonganishwa, na hakuna mzee anayemwomba sukari. Utamu ukihitajika ni kijipande cha kashata au halua pembeni, cha kuonja. Babu zetu waliutenga utamu na kinywaji, ukawa kitu cha kula kidogo na kwa macho. Sisi tukauyeyusha ndani ya kila kitu mpaka hatuuoni tena.

Atakayejaribu asitarajie kufurahia siku ya tatu. Siku za mwanzo chai huwa kama maji ya ukindu. Punguza nusu kijiko kila wiki na ulimi utafuata, ingawa kwa wengine huchukua miezi. Iliki na mdalasini ukizidisha kidogo husaidia, tangawizi vilevile. Na kinachosaidia kuliko vyote ni nyumba nzima kupunguza pamoja, kwa sababu hakuna adhabu kama kunywa chai kavu huku wanao wanakunywa tamu mbele yako.

Mwisho wa Aprili Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni, kisha wananchi huitwa watoe maoni. Wabunge wetu wa Pwani wamezoea kwenda kule na habari za bandari, ardhi na muguka. Mwaka huu waulizwe pia kwa nini maji na soda vinalipa ushuru sawa, na waulizwe kwenye walima hizihizi wanazoalikwa kukaa mbele, soda ikiwa mkononi.