Zana za Kisasa za Uvuvi: Ni Mpya Kweli?

Katika kila pwani na kila mwalo siku hizi pana neno moja liuzwalo pamoja na nyavu na ndoana, nalo ni neno "kisasa". Mwenye duka hulitamka, bwana samaki hulitamka, na mvuvi aliyekwisha kukopa hulitamka kwa sauti ya chini kidogo. Sisi hatuna ugomvi na neno hilo. Lakini twaona kwamba limetumika kufunika mambo mawili yasiyo sawa: chombo kilicho kipya, na chombo cha kale kilichotengenezwa vizuri zaidi. Tofauti hiyo si mchezo wa maneno, maana mvuvi hukopa fedha kwa ajili yake, na Serikali hutunga sheria kwa ajili yake.

Na tuanze na ndoana. Katika pango la Sakitari, huko Okinawa nchini Japani, zilikutwa ndoana zilizochongwa kwa kombe ambazo umri wake wakadiriwa kuwa kama miaka 23,000. Wavu uliofukuliwa Antrea, katika nchi ya Karelia, mwaka 1913, ulikuwa na maboya ya magome ya mti na mawe ya kuuzamisha. Nao una umri wa miaka kama 10,000. Mvuvi wa Bagamoyo angepewa wavu ule asingehitaji mwalimu wa kumwonyesha upande wa juu. Hata ndoana ya mviringo, ambayo wataalamu huisifu kwa kuwa hupunguza vifo vya kasa katika mishipi mirefu ya meli za jodari, ni jamaa ya ndoana za mifupa na makombe walizozitumia watu wa visiwa vya Pasifiki kabla hawajaletewa chuma. Mjukuu amesifiwa, na babu amesahauliwa.

Ndivyo ilivyo kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wazee waliwavuta kwa mienge ya moto usiku wa giza, ikaja karabai, sasa ni taa za betri na za nguvu ya jua. Faida ipo nasi hatuikatai, maana mafuta ya taa hayanunuliwi tena kila jioni. Lakini dagaa afuata mwanga leo kama alivyoufuata zamani. Aliyejua giza la mwezi lina siku ngapi bado ana elimu inayotakiwa, na kijana mwenye taa mpya hana haki ya kumcheka.

Wako, hata hivyo, watu wasemao kwamba kwa hiyo hakuna jipya lolote majini. Hao nao wamepita kiasi. Uzi wa nailoni, uliotengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935 na kufika katika maziwa yetu katika miaka ya 1950, haukuwa pamba iliyoongezwa nguvu tu. Wavu wa pamba ulihitaji kuanikwa, kupumzishwa, na kutiwa dawa ya magome ya miti, na baada ya taabu yote hiyo ulioza. Uozo ule, ambao kila mvuvi aliulaani, ulikuwa sheria isiyoandikwa. Wavu wa pamba ukipotea, ulikufa. Wavu wa nailoni ukipotea, huendelea kuvua bila ya mwenyewe: samaki hunasa, hufa, huoza, na wavu hubaki ukingoja mwingine. Jambo hilo babu zetu hawakupata kuliona, na kwa hiyo hawakutuachia mwiko wa kulizuia.

Vivyo hivyo chombo cha mwangwi kionyeshacho samaki walio chini ya boti, ambacho ndugu wawili wa ukoo wa Furuno huko Japani walianza kukiuza kwa wavuvi mwaka 1948. Zamani samaki alijificha kwa kina cha maji tu. Sasa kina si ngome tena.

Kipimo chetu, basi, ni hiki: kitu kipya ni kile kilazimishacho desturi mpya. Nayo desturi huchelewa. Wavu wa kunasa, wa uzi wa kitani, uliletwa katika Ghuba ya Kavirondo ya Ziwa Victoria mwaka 1905. Katika mashapo na mifumbi ya kale ya ziwa lile haukuwa umejulikana, na ngege walivuliwa mpaka wakaanza kupungua. Bwana Michael Graham alifanya uchunguzi wake mwaka 1927 na 1928, ndipo akashauri macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imekwisha kupita.

Leo twakawia tena. Nyavu za uzi mmoja, ziitwazo timba, zilikatazwa katika Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Mwaka 2018 nyavu haramu zilichomwa moto kandokando ya Ziwa Victoria, na mvuvi alisimama akitazama mtaji wake ukiwa moshi. Sheria lazima itiiwe. Lakini wavu hauogelei kutoka ng'ambo. Yuko aliyeuagiza, yuko aliyeuweka ghalani, na yuko aliyeuuza huku akisema ni wa kisasa. Hao moshi haukuwafikia machoni.

Mwezi Januari 2024 Serikali ilikabidhi Mwanza boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo, nasi twaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Twataka pamoja na mikopo ya namna hiyo mvuvi aelezwe waziwazi kipi kitamwongezea nafuu katika kazi aijuayo, na kipi kitamtaka ajifunze kazi nyingine. Twataka pia nyavu zilizokatazwa zikamatwe bandarini na ghalani kabla hazijafika mwaloni. Na kila duka liuzalo wavu wa nailoni lilazimishwe kupokea ule uliochakaa, usije ukatupwa majini.