Mtandao Upo, Jina Ndilo Halipatikani

Korosho za Masasi na Newala sasa zinauzwa kwenye skrini: tangu msimu wa 2024/25 minada ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU inapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Hata hivyo, ukurasa wowote usipofunguka tuna jibu moja tu, kwamba mtandao unasumbua. Jibu hilo linaficha hitilafu tofauti, na kila hitilafu ina mhusika wake. Kompyuta hutafutana kwa tarakimu, na tangu 1983 upo mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, unaogeuza jina la tovuti kuwa tarakimu hizo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Kosa la mafundi wa kampuni ya Facebook, inayomiliki zote tatu, lilikata njia ya kuzifikia seva zake za majina, ilhali bando na minara vilikuwepo. Tarehe 12 Mei 2024 mambo yalikuwa kinyume: nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na hapo hapakuwa na mpangilio wa simu ambao ungesaidia.

Kutofautisha si kazi kubwa. Tovuti nyingine zikifunguka, mtandao upo. (WhatsApp pekee si ushahidi, maana kuna bando la WhatsApp tu.) Kivinjari kikiandika NXDOMAIN, jina halikupatikana: kagua herufi kwanza, na zikiwa sahihi, huenda mwenye tovuti hajalipia kikoa chake. Kompyuta ikisema seva ya DNS haijibu, weka seva nyingine, 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kwenye mpangilio wa DNS; tovuti ikifunguka, anayepaswa kuulizwa ni mtoa huduma wako wa intaneti.

Wapo watakaosema hayo ni ya mafundi. Lakini karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, kijijini hana fundi pembeni, na mkulima anayeambiwa mtandao unasumbua hana la kuhoji. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba seva hizo ni za Google na Cloudflare, nazo huona majina ya tovuti unazotafuta. Ni kweli, basi zitumike kupimia, kisha mpangilio urudishwe. Na hitilafu isimkimbize mtu kwenye kiungo cha jina linalofanana: tovuti za serikali huishia na .go.tz.

Vyama vikuu na halmashauri zibandike maelekezo haya katika kila ofisi ya AMCOS kabla mnada wa kwanza wa msimu haujafunguliwa.